Nani kawaambia kipanga lazima awe mkimya?

Nafundisha kuandika programu za kompyuta, darasa la jioni, hapa Dar es Salaam. Kila kundi jipya likianza, hakosi mtu wa kuniambia: "Mwalimu, mimi siyo mtu wa kompyuta. Mimi napenda watu, napenda stori." Nimechoka kuisikia. Leo tuzimalize dhana potofu kuhusu kipanga, yaani yule mtu wa akili nyingi anayedhaniwa ndiye pekee anayeiweza kompyuta.

Dhana: Kipanga hana marafiki, hajui mpira wala muziki

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, maana inawafukuza watu wazuri kabla hawajagusa kibodi. Wala si maumbile, ina historia. Kompyuta ya ENIAC, moja ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, ilipozinduliwa Marekani mwaka 1946, walioiandalia programu walikuwa wanawake sita waliofanya kazi bega kwa bega. Grace Hopper wa jeshi la majini la Marekani, mmoja wa waliotuletea kompaila (programu inayotafsiri maagizo ya binadamu kuwa lugha ya mashine), alikuwa mzungumzaji hasa. Kwenye mihadhara yake aligawa vipande vya waya vya karibu sentimita 30, watu waone umbali ambao mwanga unaweza kwenda kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde.

Balaa likaja mwaka 1966. Wanasaikolojia wawili, William Cannon na Dallis Perry, waliwachunguza waandishi wa programu 1,378, wanawake wakiwa 186 tu, wakahitimisha kwamba watu hawa wanapenda mafumbo na hawapendi watu. Vipimo vya namna hiyo vikatumika kuchagua wa kuajiri. Ukichagua wasiopenda watu, ofisi itajaa wasiopenda watu, halafu mpita njia atasema, "Si unaona? Ndivyo walivyo!"

Na kazi yenyewe je? Nusu yake ni kuuliza. Mwenye duka anakuambia anataka mfumo wa stoo, basi, kamaliza. Lazima umchimbe: mteja akichukua mzigo kwa mkopo inakuwaje? Akirudisha nusu? Kijana wa kazi akikosea bei, nani anaruhusiwa kurekebisha? Mkimya asiyeuliza atajenga mfumo mzuri ambao hakuna atakayeutumia.

Nina mwanafunzi anauza vipuri Kariakoo. Mechi ya Simba haimpiti, na sauti humkauka kwa kushangilia. Siku moja akanionyesha daftari lake: kila mechi na kikosi chake, dakika ya goli, nani katoa pasi, nani kaingia badala ya nani, vyote kwenye safu alizopiga kwa rula. Akaniuliza kama kompyuta inaweza kumwambia nani anafunga zaidi baada ya dakika ya 75. Huyo huyo ndiye aliyekuwa akiniapia kwamba yeye siyo kipanga! Ndugu yangu, hiyo ni hifadhidata, yaani taarifa zilizopangwa ili zitafutike kirahisi, umeijenga kwa kalamu ya wino bila kufundishwa na mtu.

Kama mpira bado unakutia shaka, mtafute Harald Bohr wa Denmark. Alicheza kwenye timu iliyoifunga Ufaransa 17–1 katika Olimpiki ya mwaka 1908 na kurudi na medali ya fedha. Kazi yake? Mwanahisabati, tena wa kiwango cha juu. Wa muziki mna Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, aliyekamilisha shahada yake ya uzamivu ya fizikia ya anga mwaka 2007.

Dhana: Lazima uwe ulipata A ya hesabu

Kwa mifumo ya maduka, shule na zahanati? Asilimia, kujumlisha, kutoa, na kufikiri kwa mpangilio. Ukitaka kuunda usimbaji fiche, yaani njia za kuficha ujumbe usisomwe na wasiohusika, hapo sawa, rudi kwenye hesabu.

Dhana: Kipanga huvaa miwani

Miwani huvaliwa na mwenye macho yenye shida. Kutoona mbali kunarithiwa, na watoto wanaoshinda ndani wako hatarini zaidi. Ukiwa na swali, muone daktari wa macho, siyo mimi.

Dhana: Si kazi ya wasichana

Rudi juu usome kuhusu ENIAC.

Mlioshawishika, nina sharti moja darasani ambalo wakimya hawalipendi: kompyuta ikikutolea ujumbe wa kosa, usome kwa sauti, neno kwa neno, kwa jirani yako, kabla hujaniita. Mara nyingi mtu anagundua kosa akiwa katikati ya sentensi, jirani hata hajafungua mdomo.