Pufya, dawa zilizokatazwa michezoni: maswali ya vijana wa kambi ya riadha Iten, Kenya

Swali: EPO, ile homoni ya kuongeza damu, inadhuru aje na mwili wenyewe unaitengeneza?

Jibu: Kweli, figo zinaitoa ili uboho utengeneze seli nyekundu za damu, ndo maana ukikaa Iten, mita kama 2,400 juu ya bahari, damu inajijenga polepole bila sindano. Ile ya kudungwa inazidisha, damu inakuwa nzito kama uji, alafu wewe unakimbia kilomita 30 kwa jua, maji yameisha mwilini, moyo unasukuma huo uji kwa nguvu. Damu ikiganda ni kiharusi, ama moyo unasimama ukiwa umelala.

Swali: Nilidungwa sindano ya goti kwa kemisti na sikujua ni nini, bado nitafungiwa?

Jibu: Eeh, pole sana ndugu yangu. Kitu kilichokatazwa kikipatikana kwa mkojo wako ni chako. Triamsinoloni, hiyo hiyo sindano ya maumivu, imewashika Wakenya wengi, kawaida ni miaka 2 na wakithibitisha ulikusudia inakuwa 4. Kwa hivyo kabla hujakunja mkono wa shati sema "mimi ni mwanariadha", piga picha ya pakiti, uliza ADAK, shirika la kupambana na pufya Kenya. Na kama unaumwa kweli daktari anaweza kukuombea kibali cha kuitumia dawa hiyo kwa matibabu.

Swali: Si wanaopatikana na pufya wafungiwe tu maisha?

Jibu: Kosa la kwanza mimi nakataa. Jemima Sumgong, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki Rio 2016, alipatikana na EPO 2017 akapewa miaka 4, baadaye ikafika 8 sababu alileta stakabadhi za hospitali za uongo, na hapo naona ni haki kabisa. Lakini msichana wa miaka 19 anapoteza riadha na yule aliyemdunga kesho bado yuko dukani anauza! Kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na pufya, zinaruhusu mdungaji na muuzaji wapewe miaka 4 hadi maisha, hiyo ya maisha ndo itumike kwao, tena tuwataje kwa wachunguzi, tusiogope.

Swali: Na wapimaji wakinikosa?

Jibu: Kwa kila siku uliwaandikia mahali na muda wa dakika 60 utakaopatikana. Ukikosekana mara 3 ndani ya miezi 12 unafungiwa hadi miaka 2 hata kama damu yako ni safi. Umehama kambi, umeitwa mazishi nyumbani, badilisha hayo uliyoandika kwa simu kabla hujapanda matatu.