Kabla hujalaumu vidole vyako: sindano na uzi wa kuanzia kufuma

Nilijifunza kufuma kwa njiti mbili za baiskeli. Kaka yangu alizichomoa kwenye gurudumu bovu, bibi akazinoa ncha kwenye jiwe la mlangoni, na uzi ukatoka kwenye sweta kuukuu la shule tulilolifumua pamoja. Huku Njombe tulioanza hivyo tuko wengi, na nawashukuru walionipa nilichoweza kupewa. Lakini njiti ya baiskeli ina unene wa milimita 2 hivi. Huo ni unene wa kufumia soksi kwa uzi mwembamba kabisa. Mimi nilikuwa nalazimisha uzi wa sweta kupita humo, vitanzi vikakaza hadi ncha ikawa haiingii, na kitambaa kikatoka kigumu kama mkeka. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mikono yangu ni mizito.

Sasa nafundisha, na karibu kila mama anayekaa mbele yangu kwa mara ya kwanza ananiambia maneno hayohayo: “Mwalimu, mimi mikono yangu mizito.” Kabla sijaitazama mikono, naomba kuona sindano na uzi. Mara nyingi jibu liko hapo.

Tuanze na sindano. Nunua jozi ya milimita 4.5 au 5, ya mti au ya mwanzi, urefu wa sentimita 30 hivi. Sindano ya chuma inateleza. Kwa mfumaji mzoefu utelezi huo ni raha, maana kazi inakimbia, ila kwa anayeanza vitanzi vinachomoka kabla hajajua vilikuwa vingapi. Mti unashika uzi kidogo, unakupa nafasi ya kufikiri. Ukikosa dukani, chonga. Chukua mwanzi mkavu, uupasue, uuchonge uwe wa mviringo, upitishe msasa mpaka usisikie mkwaruzo wowote ukiupapasa kwa mdomo (mdomo unahisi kuliko kidole), kisha usugue kwa mshumaa na ufute kwa kitambaa. Nyuma zungusha mpira wa kufungia noti ili vitanzi visidondoke.

Namba ndizo zinazowachanganya watu. Sindano nyingi za zamani zilizomo majumbani mwetu zina namba za Uingereza, na humo namba ikipanda sindano inakonda: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25, namba 14 ni milimita 2. Wamarekani wanahesabu kinyume chake, na namba 8 yao ni milimita 5. Basi ukitazama somo la Mmarekani kwenye simu, akasema namba 8, nawe ukachukua namba 8 ya shangazi yako, tayari mmetengana kwa milimita nzima, na kofia yako itatoka ndogo. Fuata milimita tu. Kama sindano haina maandishi, laza zote mbili ubavu kwa ubavu juu ya rula ya shule. Zikijaza sentimita 1 kamili, kila moja ni milimita 5. Zikiishia milimita 8, kila moja ni 4.

Kwenye uzi ndiko ninakotaka ukae zaidi, kwa sababu uzi ndio unaokufundisha. Mfumaji anayeanza anajifunza kwa macho. Anahitaji kukiona kila kitanzi, miguu yake miwili, mahali kilipotokea na mahali kinapoelekea. Kwa hiyo usianze na mweusi, wala buluu ya giza ya sare, hata kama ndio uliobaki nyumbani. Usianze na ule wenye manyoya, kwa sababu manyoya yanafunika kila kitu na ukikosea haufumuki. Chukua uzi laini, uliosokotwa vizuri, wa rangi ya maziwa, njano au buluu ya mbingu, wenye unene wa kati: ule ambao kibandiko chake kimeandikwa sindano ya milimita 4 hadi 5.

Aina je? Uzi wa kiwandani wa akriliki unatosha kabisa kwa kujifunzia. Bei yake inavumilika, unafumuliwa na kufumwa tena mara tano bila kulalamika. Pamba hainyumbuki, kwa hiyo inachosha vidole vya mgeni. Iache kwa baadaye. Sufu halisi ya kondoo ndiyo inayosamehe kuliko zote, kwa sababu inanyumbuka na kurudi, na kitanzi kilichokaa vibaya kinajiweka sawa ukikiosha.

Tatizo ni kwamba sokoni kila uzi mnene unaitwa sufu. Kuna njia ya kujua. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa kibano juu ya sahani yenye maji, uwashe ncha kwa kiberiti. Sufu ya kweli inaungua kwa shida, ukiondoa moto inazimika, inanuka nywele zilizoungua, na jivu lake linasagika vidoleni. Pamba inanuka karatasi. Akriliki inayeyuka, inadondoka, na ikipoa inabaki kidonge kigumu cheusi. Kwa ajili ya kidonge hicho, siwafumii watoto wachanga kofia za akriliki kama najua nyumba ile mtoto analala karibu na jiko la mkaa. Kitu kinachoyeyuka hakikai vizuri karibu na moto na ngozi laini. Hapo nasisitiza sufu au pamba, hata kama mteja ataona bei imepanda.

Uzi wa bei nafuu kuliko wote uko kwenye mitumba. Sweta la mtu mzima la sufu, ukilipata kwa bei nzuri, linatoa uzi wa kutosha kazi kadhaa za kwanza. Ila kabla hujalipa, ligeuze ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona umekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, liache: kila mstari umekatwa, utapata vipande vya urefu wa mkono mmoja mmoja. Unachotafuta ni mshono ulioshonwa juu ya kingo zima, ukiukata uzi mmoja tu, sehemu zinaachana zenyewe. Fumua kuanzia juu, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne, loweka kwenye maji ya vuguvugu, tundika ukining'inia. Mikunjo inaondoka, na uzi unakuwa kama mpya.

Ukinunua dukani, soma kibandiko uone namba ya mkupuo wa rangi. Madonge mawili ya jina moja na rangi moja yanaweza kuwa yametiwa rangi siku tofauti. Sweta langu la kwanza la kuuza nililimalizia kwa donge nililolifuata wiki mbili baadaye. Ndani ya nyumba lilikuwa safi, nje juani ukaonekana mstari kifuani, juu rangi moja na chini nyingine. Mteja alinyamaza, akalichukua. Nililifuata kwake wiki iliyofuata nikalifuma upya. Tangu siku hiyo nanunua uzi wote mara moja, na donge moja la ziada.

Kazi ya kwanza iwe kipande tu: vitanzi 20, ufumaji wa mbele (ule ambao uzi unakaa nyuma ya sindano) kila mstari, bila kubadilisha. Usikimbilie ule ufumaji wenye uso laini kama sweta la dukani, kwa sababu ule unajikunja kingoni na mgeni anadhani amekosea. Wa mbele pekee unalala bapa.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja, muuguzi, alinyanyua kipande chake akauliza, “Mwalimu, mbona kinapanuka?” Alianza na 20. Tukahesabu pamoja: 27. Hakuwa ameongeza hata kimoja kwa makusudi. Nikamwambia afume mstari mmoja nikiangalia, na kosa likajitokeza mwanzoni kabisa. Alipogeuza kazi, uzi ulikuwa unaning'inia mbele. Ili aurudishe nyuma, aliupitisha juu ya sindano. Kitanzi cha kwanza kikavutwa, miguu yake miwili ikapanda juu ya sindano ikaonekana kama vitanzi viwili, naye akavifuma vyote viwili. Kosa dogo hilo, likirudiwa mara saba, ndilo lililozaa vitanzi saba vya ziada. Dawa yake ni kuupitisha uzi chini ya ncha ya sindano kwenda nyuma, kisha kuuvuta chini kidogo kabla ya kuingiza ncha. Aliliona kwa sababu uzi wake ulikuwa wa rangi ya maziwa. Kwenye uzi mweusi ningelazimika kumwambia aniamini tu.

Kama vitanzi vinaongezeka katikati ya mstari na si kingoni, tafuta kitundu: uzi ulikuja mbele bila kuitwa ukalala juu ya sindano. Kama vinapungua, kimoja kimedondoka na kuacha ngazi. Kichukue kwa kulabu ya kroshia, panda ngazi kidato kwa kidato mpaka kirudi kwenye sindano.

Nasikia watu wakisema kufuma ni kazi ya wazungu iliyoletwa na masista. Masista walifundisha wengi, kweli, lakini soksi za pamba zilizofumwa kwa ustadi, zenye mapambo ya buluu na nyeupe, zimekutwa Misri na ni za karne nyingi kabla ya misheni yoyote huku kwetu.

Muuguzi wangu alifumua kile kipande chote palepale, akaanza upya. Alipofika mstari wa 30 alihesabu kwa sauti, kidole juu ya kila kitanzi: 20. Akanigeuzia sindano nihesabu na mimi.