Miche ya mwarobaini chini ya mbambakofi

Nikiingia katika msitu wa pwani kwa mara ya kwanza, sianzi kwa kutazama juu. Nainama. Miti mikubwa hunipa habari za miaka mia iliyopita. Miche iliyo chini yake ndiyo inayonionyesha msitu huo utakuwa wa miti gani nitakapokuwa sipo tena. Na katika vijisitu vingi vya pwani ya Kenya ninamofanyia kazi, nikiinama chini ya mbambakofi au msandarusi, miti mikubwa ya asili ya hapa, mara nyingi jani la kwanza kulikuta ni lile jembamba lenye meno kama ya msumeno, ambalo kila mtoto wa pwani analijua kwa uchungu wake: mwarobaini.

Najua nagusa mti wa watu. Mwarobaini, au mkilifi kama wengine wanavyouita, tumeupa jina la heshima kwa imani kwamba unatibu maradhi arobaini. Mimi mwenyewe niliogeshwa kwa maji ya majani yake nilipougua tetekuwanga, na hadi leo nikiyanusa namkumbuka bibi yangu. Sina ugomvi na mwarobaini ulio uani. Ninachokichunguza ni kile kinachotokea mbegu yake inapovuka ua na kuingia msituni.

Ugeni wenyewe si kosa. Mwembe umetoka Asia, muhogo umetoka Amerika, na mkungu tunaokaa kivulini mwake pale ufukweni nao ni wa ng'ambo. Mwarobaini asili yake ni Bara Hindi na Myanmar. Wanaikolojia hutenganisha hali tatu. Kuna mmea mgeni usioweza kudumu bila mkono wa mtu. Kuna uliolowea, yaani unaozaa na kujiendeleza wenyewe pale pale ulipo. Kisha kuna mvamizi, unaosambaa mbali na mama zake. Mwaka 2000 David Richardson na wenzake walipendekeza kipimo ambacho wengi wetu tunakitumia: mmea unaoenea kwa mbegu huitwa vamizi ukisogea zaidi ya mita 100 kutoka kwa mama ndani ya muda usiofika miaka 50.

Kwa mwarobaini, mita 100 ni safari ya usiku mmoja. Tunda lake likiiva huwa la manjano, na nyama yake ni tamu ingawa jani ni chungu. Ndege hulila, na popo wa matunda hulichuma na kwenda kulila kwenye mti mwingine, wakidondosha mbegu chini ya tawi walilojining'iniza. Ndiyo maana miche haitawanyiki ovyo msituni. Unapita mahali peupe kabisa, kisha chini ya mti mmoja wenye matawi mapana unakuta zulia la miche, na ukitazama kote huoni mwarobaini mkubwa. Mama yuko nje: kwenye uwanja wa shule, kando ya zahanati, au kwenye shamba la jirani.

Kuna jambo kuhusu mbegu hiyo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. Haidumu. Ikikaa wiki kadhaa, au miezi michache ikibahatika, uwezo wake wa kuota hupotea. Kwa hiyo mwarobaini hauweki akiba ya mbegu ardhini kama yafanyavyo magugu mengi ya shambani. Akiba yake ni miche. Mche mchanga huvumilia kivuli kizito kwa miaka kadhaa, ukikua kidogo kidogo, ukingoja. Siku mti mkubwa unapoangushwa na upepo, au mtu anapokata nguzo za kujengea, jua linapenya hadi chini na mwarobaini unapanda haraka, kwa sababu ukishapita utoto huo ni mti unaopenda mwanga. Mbegu ya mbambakofi huenda ndiyo kwanza inaota.

Sasa fikiria ukubwa wa misitu yenyewe. Frank White, katika ramani yake ya uoto wa Afrika ya mwaka 1983, aliutambua ukanda wetu wa pwani kuwa eneo lenye mimea yake maalumu, kutoka kusini mwa Somalia hadi mdomo wa mto Limpopo huko Msumbiji. Katika ukanda huo mrefu, msitu uliobaki ni vipande vipande. Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, ni mkubwa kupita kiasi ukilinganisha na mingine. Kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, ambazo baadhi yake ziliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, zina hekta kati ya 30 na 200 hivi. Piga hesabu: msitu wa hekta 30 wenye umbo la mraba, ukisimama katikati yake kabisa, hufiki mita 300 kutoka ukingoni. Kwa popo, hapo hapana ndani wala nje.

Kazi yetu uwanjani ni ya polepole. Tunavuta kamba kutoka ukingoni kuelekea ndani, na kila baada ya mita 20 tunapima kiwanja cha mita 10 kwa 10. Kila shina tunalipima kipenyo kwa kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Ndani ya kiwanja tunalaza fremu ya mita 1 kwa 1, tuliyoiunga kwa mabomba ya plastiki, na humo tunahesabu kila mche, hata wenye majani mawili tu. Fremu moja yaweza kula saa nzima, na mgongo husema. Lakini hapo ndipo unapojua aina gani ina wazee na watoto, na ipi imebaki na wazee watupu.

Namba hizi zinataka tahadhari. Mtu akihesabu tu idadi ya aina za mimea katika kiwanja cha ukingoni, anaweza kukuta mwarobaini umeongeza aina moja na haujaondoa hata moja, akaandika kwamba hakuna madhara. Miti mirefu huishi muda mrefu. Mbambakofi uliokosa mrithi leo utaendelea kusimama na kuhesabiwa kwa miongo mingi, na hasara itaonekana siku utakapoanguka. Ripoti inayotegemea idadi ya aina peke yake siiamini, na wanafunzi wangu nawaambia hivyo waziwazi.

Swali gumu zaidi ni kama mwarobaini ndio unaoiumiza misitu hii, au unakalia tu nafasi zilizofunguliwa na panga na shoka zetu. Ninavyoona mimi, unaanza kwa la pili na kuishia kwa la kwanza: tunaufungulia mlango kwa kukata, kisha ukishajaa unaizuia miti ya asili kurudi. Hayo ni maoni yangu hadi yapimwe. Njia ya kuyapima ni kung'oa miche yake katika nusu ya viwanja, kuiacha katika nusu nyingine, na kutazama nini kinachoota.

Katika kaya huwezi kuamua hilo peke yako. Miiko inakataza kukata, na miiko hiyo ndiyo iliyoihifadhi misitu hii hadi leo. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa kaya, nikaeleza, naye akanisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, huu ni mti wa dawa. Unataka kuung'oa kwa kosa gani?"

"Mzee, nionyeshe watoto wa mbambakofi."

Tulizunguka pamoja asubuhi nzima, yeye akitangulia na fimbo yake. Watoto tuliwapata, lakini wachache, na karibu nao daima palikuwa na mwarobaini. Wiki ya pili wazee walituita. Walikubali tung'oe kwa mkono, bila panga, na tulichong'oa kisitoke nje ya kaya. Kwa mtaalamu wa uoto, masharti hayo hayana tatizo hata kidogo: miche ikiozea pale pale inarudisha rutuba, na kung'oa na mizizi ni bora kuliko kukata, kwa kuwa mwarobaini uliokatwa huchipua upya kutoka kisikini, tena kwa nguvu.

Miarobaini mikubwa iliyo nje ya misitu ina soko lake. Tangu miaka ya 1990 wachongaji wa vinyago wa pwani wamekuwa wakihimizwa kutumia mbao za mwarobaini badala ya mpingo na muhuhu, mti wa msitu uliokatwa sana kwa ajili ya uchongaji. Naliunga mkono hilo kwa moyo wote, kwa sharti moja: tuvune iliyopo karibu na misitu, tusipande mipya hapo kwa ajili ya soko. Ghana wanaufahamu mwarobaini ulioenea katika nyanda za Accra, na Australia Kaskazini umetangazwa rasmi kuwa gugu, ingawa kule pia ulipandwa kwa nia njema ya kivuli.

Kwa kuwa mbegu haidumu, kuondoa mama wachache walio karibu kunaweza kukata chanzo ndani ya msimu mmoja au miwili, na kinachobaki ni miche ya kung'oa. Mama mkubwa kuliko wote katika eneo letu umesimama kwenye uwanja wa shule, na watoto hula chakula cha mchana chini yake. Hatujaomba ukatwe. Tumepanda mikwaju minne kuuzunguka, ije itoe kivuli badala yake, na walimu wamekubali kuimwagilia. Viwanja ndani ya kaya tayari vimegawanywa, nusu vimeng'olewa na nusu vimeachwa, vyote vikiwa na vigingi vilivyoandikwa namba. Masika yakipita tutarudi na fremu yetu.