Mtoto ana vifuko kwenye pafu ila yuko fiti, tumpasue au tusubiri?

Mtoto anayehema kwa shida hana mjadala, mbavu zinaingia ndani, kunyonya hawezi, huyo anaenda tieta. Kazi iko kwa yule ambaye vifuko, yaani viuvimbe vya maji au hewa vilivyoumbika pafuni akiwa tumboni, vilionekana kwenye utrasaundi mimba ikiwa na miezi mitano, kazaliwa salama, ananyonya, ananenepa, halafu mimi ndo nimwambie mama yake nataka kumfungua kifua.

Kwanza eksrei ikitoka safi baada ya kuzaliwa msishangilie sana. Vifuko vingi hupungua kweli kwenye miezi ya mwisho ya mimba mpaka utrasaundi haivioni, ila ukipiga siti skani mtoto akiwa na miezi kama mitatu hadi sita mara nyingi unavikuta palepale. Siti pia inaonyesha mishipa ya damu, maana baadhi ya watoto wana kipande cha pafu ambacho hakijaungana na njia za hewa na kinavuta damu yake moja kwa moja toka kwenye aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, sasa daktari akate mshipa huo bila kujua upo, hiyo damu usiombe.

Wanaopenda kupasua mapema wanasema vifuko hupata maambukizi, na pafu likishaugua nimonia linanata kwenye ukuta wa kifua, operesheni inakuwa ngumu maradufu. Halafu kuna saratani, ni nadra sana lakini ipo moja ya watoto ambayo kwenye picha huwezi kuitofautisha na vifuko vya kawaida, inahusishwa na jeni (chembe ya urithi) iitwayo DICER1, ndo maana huwa nauliza habari za uvimbe kwenye ukoo mpaka watu wanakereka.

Wa kusubiri nao wana hoja. Watoto wengi wanakua bila dalili yoyote, na kupasua kuna hatari zake, hewa kuvuja, damu, na nusu kaputi yenyewe, mwaka 2016 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu usingizi wa zaidi ya saa 3 au wa kurudiarudia kwa walio chini ya miaka 3.

Mimi naangalia na familia inaishi wapi. Kusubiri kunataka mtu wa kufuatilia, mtoto akipata homa huko kijijini atapewa dawa ya nimonia, itajirudia, mwisho anaanzishiwa dozi ya TB na vifuko hakuna anayevikumbuka. Kwa hiyo vikiwa vidogo, hakuna mshipa wa ajabu, ukoo hauna historia na nyumbani ni karibu, nasubiri kwa amani kabisa. Vikubwa, au familia iko mbali, napanga operesheni kabla hajatimiza mwaka, mradi kuna mtu wa usingizi aliyezoea vichanga na kitanda cha aisiyu ya watoto, bila hivyo nampa rufaa.

Na wenzangu wa zamu za usiku, kifuko kikubwa kilichojaa hewa kwenye eksrei kinafanana na hewa iliyovuja kifuani, muulize mama aliambiwa nini kwenye utrasaundi na uangalie kadi ya kliniki kabla hujachoma mrija wa kutoa hewa, mtoto akiwa ametulia muda wa kuuliza unao.