Kostiki haibaki kwenye sabuni, na mengine ninayoulizwa kila darasa

"Mwalimu, mimi nataka kutengeneza sabuni ya asili, isiyo na kostiki." Kila kundi la wajasiriamali ninalolifundisha halikosi mtu wa kuniambia hivyo, na mara nyingi ni yule aliyekaa mbele na daftari jipya. Namjibu kwa kifupi: sabuni ya mche isiyopitia kostiki, yaani hidroksidi ya sodiamu, haipo. Ipo uliyoipika mwenyewe kwa kostiki, na ipo aliyoipika mwenzako kwa kostiki, akakuuzia vipande vya kuyeyusha na kumimina kwenye vibati huku pakiti imeandikwa "haina kemikali". Vile vipande vya kuogea vilivyotokana na ndugu zake slesi (ile kemikali ya povu ya sabuni za maji) ni ukoo mwingine kabisa, na hakuna aliyekuja darasani kwangu kwa ajili ya hivyo.

Hofu yenyewe naielewa. Kostiki ikikugusa inachoma, na uzi wa sufu ukiusahau ndani ya maji yake utaukuta umelika. Kwa hiyo watu wanajiambia kwamba kitu kikali namna hii kikiingia kwenye ndoo ya mafuta kitajificha humo kikisubiri ngozi ya mtoto wa mtu. Hapo ndipo wanapokosea, na kosa hili ndilo linalozaa sabuni mbovu kuliko mengine yote, kwa sababu mwenye hofu hupunguza kostiki kwa macho, na asiye na hofu huiongeza kwa macho.

Molekuli moja ya mafuta ni gliserini iliyoshikana na asidi tatu za mafuta. Molekuli tatu za kostiki zikikutana nayo zinaivunja: kila moja inachukua asidi yake ya mafuta na kuwa sabuni, na gliserini inaachwa huru. Ile sehemu ya kostiki inayounguza, yaani hidroksidi, imetumika katika kazi hiyo. Sodiamu ipo bado, ila sasa ni kiungo cha sabuni yenyewe. Ukimaliza kazi sawasawa, kutafuta kostiki ndani ya mche ni kutafuta kitu ambacho hakipo tena.

Neno "sawasawa" hapo lina uzito wake, tena uzito wa mizani. Kilo 1 ya mafuta ya nazi inahitaji kama gramu 183 za kostiki ili yote yageuke sabuni. Mawese yanahitaji kama gramu 142, na alizeti kama 135. Tofauti hii haikubuniwa na mtu. Asidi za mafuta ya nazi zina minyororo mifupi, hivyo kilo moja ina molekuli nyingi zaidi, na kila molekuli inadai kostiki zake tatu. Sasa chukua mtu aliyeandikiwa kipimo cha nazi na shoga yake, akaenda sokoni, akakuta mawese ni bei rahisi, akanunua mawese na kutumia kipimo kilekile. Ametia gramu 41 za ziada kwa kila kilo. Hizo hazina asidi ya mafuta ya kushikana nayo. Hizo ndizo zitakazombabua mteja, na mteja atasema kostiki ni mbaya, na yule dada atakuja kwangu kutafuta sabuni isiyo na kostiki.

Ninachofundisha ni kupunguza asilimia 5 kwa makusudi: gramu 135 kwa kilo ya mawese, gramu 174 kwa kilo ya nazi. Kwa hiyo mafuta kidogo hubaki bila kugeuka, kostiki inakwisha kabla ya mafuta, na sabuni inakuwa laini kwenye ngozi.

Na hapa niseme neno ambalo wanafunzi wangu wamelichoka: nunua mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja. Usinunue vibati vya maua wala manukato kabla ya mizani. Naletewa vipimo vya "vijiko vitano" na "kopo moja la kostiki" hadi nashangaa. Kostiki ya magamba na kostiki ya punje hazijai kijiko kwa uzito mmoja. Magamba yana nafasi nyingi katikati, punje zinashindiliana. Kijiko kilekile, mkono uleule, sabuni mbili tofauti. Ongeza na hili: mfuko wa kostiki ukiachwa wazi, hasa huku pwani kwenye unyevu, unanyonya maji na dioksidi ya kaboni kutoka hewani. Sehemu ya kostiki inageuka kabonati, ndiyo ileile soda ash. Utapima gramu 135 kwa uaminifu wote na kupata nguvu pungufu. Funika kopo, na lile lililoshikana likawa donge usilitumie kwa sabuni.

Wengine wanaamini kwamba zile wiki nne hadi sita za kuanika mche ni za kusubiri kostiki iishe. Kazi kubwa ya mafuta kugeuka sabuni hukamilika ndani ya siku moja au mbili. Wiki zinazobaki ni za maji kutoka ili mche uwe mgumu na usiyeyuke upesi bafuni. Kama kipimo chako kilizidisha kostiki, kukaa rafuni hakutakuokoa. Hewa itapunguza kidogo juujuu, ndani bado. Ukiwa na shaka tumia karatasi ya pH (inayoonyesha kama kitu kiko upande wa tindikali au wa kostiki) kwenye povu: 9 hadi 10 ni kawaida ya sabuni, ikipita 11 usiuze.

Nikishamaliza hayo, mkono wa pili hunyooshwa: basi si tutumie magadi, hayo ni ya asili? Magadi ya Ziwa Natron au ya Ziwa Magadi ni mchanganyiko wa kabonati na bikabonati ya sodiamu. Yanalainisha maharage vizuri sana. Kwa mafuta safi hayana nguvu ya kutosha kuivunja ile molekuli. Yatakupa kiasi cha sabuni kama mafuta ni ya zamani, yenye asidi za mafuta zilizokwisha kuachana na gliserini, kama mawese yaliyokaa muda mrefu, na hapo ndipo mtu huapa kwamba ameona kwa macho yake. Ameona nusu. Ukitaka magadi yafanye kazi yote, yachemshe na chokaa iliyozimwa: chokaa inachukua kabonati na kutulia chini ikiwa unga mweupe, na kinachobaki kwenye maji ni kostiki. Maji ya majivu yaliyochujwa ni hivyo hivyo, isipokuwa humo ni potasiamu badala ya sodiamu, ndiyo maana sabuni yake ni laini. Njia ya asili inapita mlango uleule, tofauti ni kwamba hujui umeshika gramu ngapi.

Povu. "Sabuni yangu haitoi povu, nimeuziwa kostiki feki." Kwanza niambie unaishi wapi na unaogea maji gani. Visima vingi vya pwani na visiwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake yana kalisiamu nyingi. Kalisiamu inaishika sabuni na kufanya ule utando wa kijivu unaoganda ukingoni mwa beseni. Mpaka kalisiamu yote ishibe, povu hulioni. Jaribu mche uleule kwa maji ya mvua kabla ya kumtukana muuza duka. Mabaharia wa zamani walipendelea sabuni ya mafuta ya nazi kwa sababu hiyo inatoa povu hata kwenye maji ya bahari, kwa hiyo kama wateja wako wana maji magumu, ongeza sehemu ya nazi kwenye mchanganyiko. Na povu lenyewe si usafi. Kinachoondoa uchafu ni mkia wa molekuli unaojichomeka kwenye mafuta na kichwa kinachoshikwa na maji. Povu ni hewa tu.

Limau kwenye sabuni ili ing'arishe ngozi: limau ni tindikali, na tindikali haichagui. Gramu 10 za asidi ya sitriki zinameza gramu 6 na ushee za kostiki, na hiyo kostiki ilikuwa imetengewa mafuta yako. Kama huamini, yeyusha kipande cha sabuni ya mche kwenye glasi ya maji, kamulia limau. Maji yanageuka meupe kama maziwa, halafu vinaelea vidonge vyenye mafuta mafuta. Sabuni imerudi kuwa asidi ya mafuta mbele ya macho yako. Jaribio hilohilo linatosha kuwajibu wanaotaka niwafundishe sabuni ya mche yenye pH 5.5. Ukiishusha huko, sabuni haipo.

Sufuria za alumini sitaki kuziona karibu na kostiki. Mtu ananiambia "yangu ni nene, haitoboki." Kostiki inaila alumini na kutoa hidrojeni, gesi inayoshika moto, na wewe una jiko linawaka pembeni. Tumia ndoo ngumu ya plastiki au chuma cha pua. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo huku unakoroga, na joto linaweza kupita nyuzi 80. Ukimwaga maji juu ya kostiki yatachemka papo hapo na kukurukia usoni.

Na ikikurukia, usipake siki wala ndimu. Hili nalisikia hata kwa watu waliosoma: "si tindikali inaua kostiki?" Inaiua, na inapoiua inatoa joto, juu ya ngozi iliyokwisha kuungua. Maji ya bomba yanayotiririka, mengi, dakika 20 bila kuacha, nguo iliyolowa ukiivua huku maji yanamwagika. Jichoni ni vivyo hivyo, halafu hospitali, hata kama maumivu yamepungua. Mtoto akimeza, usimtapishe. Kitakachorudi juu kitaunguza koo mara ya pili. Mkimbize hospitali na kopo lenyewe mkononi ili wajue amemeza nini.

Sabuni ya kuua bakteria? Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku viambato 19 kwenye sabuni za kunawia zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani, triklosani ikiwemo, kwa kuwa watengenezaji hawakuweza kuonyesha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Usimwongezee mteja bei kwa hilo.

La mwisho ni ule unga mweupe unaotokea juu ya mche baada ya siku chache. Hiyo si "kostiki inayotoka". Ni kabonati tu, pale juu palipokutana na hewa kabla sabuni haijashika. Ukwangue kwa kisu, na safari ijayo funika kibati kwa nailoni siku ya kwanza.