Komedi ya hali ni nini? Mtazame Mr. Bean

Komedi ya hali, au sitkomu kama wengi tunavyoiita, ni kipindi cha kuchekesha cha televisheni chenye wahusika walewale na mazingira yaleyale. Kila sehemu huleta tatizo jipya na kulimaliza humohumo, kwa dakika 25 hivi. Hapo ndipo inapoachana na tamthilia. Ukikosa tamthilia wiki moja, inabidi umuulize jirani nani kamwacha nani. Sitkomu unaingia popote na unaelewa.

Lakini moyo wa dhana hii uko kwenye chanzo cha kicheko. Mchekeshaji wa jukwaani anasimulia, nawe unacheka maneno yake. Kwenye sitkomu, mtu mwenye tabia fulani anatumbukizwa kwenye hali isiyopatana kabisa na tabia hiyo, halafu anaachwa ahangaike. Mletee bahili wageni wa wiki nzima: kichekesho kimeshaanza kabla hajafungua mdomo.

Sijaona mfano ulio wazi kuliko Mr. Bean wa Mwingereza Rowan Atkinson. Kipindi kilianza kuonyeshwa na ITV ya Uingereza tarehe 1 Januari 1990, na zilitengenezwa sehemu 15 tu. Katika ile ya kwanza, Bean anafika ufukweni kuogelea. Anataka kubadili nguo, ila kuna mwanamume amekaa karibu, amevaa miwani ya jua, uso umemwelekea yeye. Sisi wa Mwanza tumejaliwa mawe, mtu anajibanza nyuma ya jiwe na mambo yanaisha. Bean hana jiwe. Basi anaivaa kaptula ya kuogelea juu ya suruali, kisha anaanza kuitoa suruali kwa ndani, akijipinda na kujikunja, huku akijitahidi kuonekana hana haraka wala shida. Anafanikiwa. Yule mwanamume anainuka aondoke, na tunagundua ni kipofu.

Hakuna utani uliotamkwa hapo. Kuna haya, kuna uwanja wa wazi, kuna macho ya mtu. Vitu vitatu hivyo vimekutanishwa kwa ustadi, na mwisho unakufanya ucheke upya yale yote uliyokwisha kuyaona.

Ndiyo maana Mr. Bean hakupata shida yoyote kwenye mabanda ya video ya huku kwetu. Filamu nyingi za nje zilihitaji sauti ya mtafsiri wa kuzimwaga kwa Kiswahili, lakini huyu aliwekwa kama alivyo. Mvuvi aliyetoka Ukerewe, mchuuzi wa dagaa wa Kirumba na mtoto ambaye hajaanza shule walicheka sekunde ileile. Wapo wanaodhani vichekesho vya mwili ni vya kitoto. Sikubaliani nao hata kidogo. Atkinson alisoma uhandisi wa umeme Newcastle na kisha Oxford, na katika Blackadder, sitkomu nyingine ya Uingereza ya miaka ya 1983 hadi 1989, alichekesha kwa ulimi mkali kama wembe. Maneno anayo. Kwa Bean aliamua kuyaweka kando, akafanya kazi yote kwa nyusi, shingo na magoti.

Jambo jingine ambalo watu hulipita haraka: mhusika wa sitkomu hajifunzi. Bean anaingia mtihani amejiandaa, anakuta maswali ya somo jingine, anahangaika kumchungulia jirani hadi muda unaisha, ndipo anapogundua kwamba karatasi ya somo lake ilikuwemo kwenye bahasha tangu mwanzo. Mtu wa kawaida angetoka pale na akili mpya. Bean anarudi vilevile, na lazima arudi vilevile, maana siku atakayoerevuka hatutakuwa na cha kutazama.

Kuhusu vile vicheko vinavyosikika nyuma ya picha, desturi hiyo ni ya zamani. I Love Lucy ya Marekani, iliyoanza 1951 na Lucille Ball akiwa nyota wake, ilirekodiwa kwa kamera tatu kwa mpigo mbele ya watazamaji waliokaa studio. Vicheko vyao vikabaki kuwa sehemu ya kipindi, na wengi waliofuata wakaiga.

Kwa hiyo anayetaka kuandika sitkomu ya Mwanza asianze kutafuta utani. Atafute mahali ambapo watu hawawezi kukwepana. Mimi ningechagua kibanda cha mama lishe pale mwaloni Kirumba: mama mwenyewe asiyekopesha, mteja wa kila siku asiyekuwa na hela mkononi, na mzee anayejua kila kitu cha kila mtu. Sehemu ya kwanza, sato amebaki mmoja na wote watatu wana njaa.