Grafu ya kipeo haina "pale inapoanza kupaa"

Wiki iliyopita nimeisikia tena dhana hii, mara mbili kwa siku moja. Asubuhi ilitoka kwa kijana wa kidato cha tano ninayemfundisha tuisheni hapa Mwanga, Kigoma: "Mwalimu, huku mwanzo grafu imelala tu, inaanza kupaa kwenye tatu." Jioni ikatoka kwa mama anayenunua dagaa Kibirizi, aliyekopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa: "Miezi ya mwanzo riba ilikuwa ya kawaida, mwalimu. Sijui walibadilisha lini." Hawakubadilisha kitu, mama. Mkopo ulikuwa mbaya tangu siku ya kwanza.

Dhana yenyewe ni hii: grafu ya kipeo, kama ya y = 2ˣ, hulala kwanza, halafu hufika mahali fulani ikaamka.

Ukweli ni kwamba mahali hapo hapapo. Fanksheni ya kipeo hufanya jambo moja tu mwanzo hadi mwisho: kwa kila hatua sawa ya x, y huzidishwa kwa namba ileile. Kona unayoiona ni ya karatasi yako.

Nilimpa kijana karatasi mbili za grafu achore y = 2ˣ. Ya kwanza kutoka 0 hadi 5, ya pili kutoka 0 hadi 10, na mhimili wa y uwe sentimita 10 kwenye zote mbili. Kwenye ya kwanza kilele ni 32. Pale x ilipo 3, y ni 8, na nukta inakaa sentimita 2.5 juu ya mhimili, mstari unapaa waziwazi. Kwenye ya pili kilele ni 1,024, na 8 ileile haifiki hata milimita moja; imemezwa na unene wa penseli. "Kona" imehama kutoka x = 3 hadi karibu na x = 8, na hakuna namba hata moja iliyobadilika. Alipima kwa rula mara mbili, akaiweka chini.

Sasa turudi kwa mama. Alikopa laki moja kwa asilimia 10 kwa mwezi, riba juu ya riba, na hajalipa. Kichwani alijumlisha elfu kumi kila mwezi, kwa hiyo mwaka ukiisha deni ni 220,000. Kwenye daftari la mkopeshaji, mwezi wa kwanza ni 110,000, wa pili 121,000, wa tatu 133,100. Yeye alitegemea 130,000. Tofauti ya 3,100 haimshtui mtu. Mwezi wa kumi na mbili ni 313,843. Chukua deni la mwezi wowote, ligawanye kwa la mwezi uliotangulia: unapata 1.1, mwezi wa pili kama wa kumi na mbili.

Ndiyo maana wanafunzi wangu siwaruhusu kuchora kabla hawajaongeza safu ya tatu kwenye jedwali, safu ya uwiano. Gawanya kwanza, umbo utaliangalia baadaye. Jaribu kwa sensa zetu. Tanzania tulikuwa milioni 12.3 mwaka 1967, milioni 23.1 mwaka 1988, na milioni 44.9 mwaka 2012. Nyongeza ya kwanza ni milioni 10.8, ya pili milioni 21.8, na hapo mtu ataapa kwamba baada ya 1988 kuna kitu kililipuka. Piga hesabu ya kila mwaka: kipindi cha kwanza ni kama asilimia 3.0, cha pili kama 2.8. Mstari ulizidi kusimama huku kasi ya ukuaji ikipungua kidogo. Macho peke yake yasingekuambia hilo.

Mengine nayataja kwa haraka kwa sababu hayaumizi sana. Kipeo hasi hakileti namba hasi: 2⁻³ ni 1/8, kwa hiyo anayeshusha mstari chini ya mhimili wa x afute. x² si 2ˣ; zinalingana kwenye 2 na 4, lakini kwenye 10 moja ni 100 na nyingine 1,024. Na bei ikipanda asilimia 10 kisha ikashuka asilimia 10 hairudi ilikokuwa: mia inakuwa 99.

Upande wa kupungua ugonjwa ni uleule, umegeuzwa tu. Iodini-131, aina ya iodini yenye mnururisho, ina nusumaisha ya siku 8, yaani kila siku 8 hubaki nusu yake, na kila mwaka kuna anayeniandikia kwamba siku 16 imekwisha yote, nusu na nusu. Siku ya 16 imebaki robo, kwa sababu kinachokatwa ni nusu ya kilichobaki. Nilimwambia kijana achukue ile karatasi ya pili, aigeuze nyuma mbele kushoto kulia, aishike dirishani kwenye mwanga. Mstari uleule sasa unashuka, kutoka 1,024 kushoto, ukijigawa kwa mbili kila hatua. Hatua kumi za siku 8 ni siku 80. Nikamuuliza kulia kabisa kuna nini. "Sifuri," akasema. Akasogeza karatasi karibu na uso. Ile nukta iko juu ya mhimili kwa sehemu ya kumi ya milimita, na thamani yake ni 1.